Sauti Waliyomwekea Bibi

Mwalimu Margwe alitaka kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: mradi wa kikundi ulikwendaje, na wewe umejifunza nini. Marieta aliandika jina lake juu, akaandika jina la somo, kalamu ikagoma hapo.

Walikuwa watatu. Maximilian wa Nangwa, mwenye kamera na maneno mengi. Zulfa, ambaye baba yake ana duka la vitenge Katesh, alihariri picha na sauti. Marieta alishika kinasa sauti, kwa sababu kazi hiyo haikumlazimisha kuongea. Walitakiwa kutengeneza mwanzo tu wa filamu, dakika mbili, filamu yenyewe isiwepo. Ni Marieta aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba kwa bibi yake kule Tumati pangefaa. Msichana anaondoka kwao kwenda chuo, bibi anamuaga. Wenzake wakakubali.

Bibi Philomena aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Na huyu mwenye kichwa kama kondoo ni wa wapi?"

"Wa Nangwa, Bibi," alijibu Maximilian.

"Nangwa hakuna mkasi?"

Zulfa alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Walimweleza bibi aigize kumuaga Marieta. Kuigiza hakukumwingia. Alichoelewa ni kwamba vijana hawa wanaondoka na picha yake kwenda mbali, basi akafanya kile anachomfanyia kila anayekwenda mbali. Alitoa maziwa kwenye kibuyu, akachovya majani mabichi, akawanyunyizia. Kisha akapiga fundo moja la maziwa, akawapulizia usoni, na kamera nayo akaipulizia, kwa kuwa ilikuwa msafiri kama wao. Muda wote midomo yake ilikuwa ikisema kwa Kiiraqw: njia iwe laini, mkae na watu vizuri, mrudi. Majirani humletea watoto wao kwa ajili hiyo hiyo kila wanapokwenda shule ya bweni. Angela, wa ng'ambo ya uzio, alishawaleta wakubwa wake wote. Amebaki wa mwisho, binti.

"Umepata hiyo?" Maximilian alinong'ona huku akifuta kioo cha kamera.

"Nimepata," Marieta alisema. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mwalimu Margwe alipoonyeshwa kazi ile mara ya kwanza, alipiga mwayo bila kujificha. "Ni nzuri, lakini inalaza. Mwanzo wa filamu unamshika mtu shati."

Wakarudi kwenye chumba cha kompyuta. Zulfa aliiondoa sauti ya bibi yote. Akapunguza mwendo wa picha, akaweka mngurumo mzito chini yake, na kwa mbali mtoto analia, kisha ghafla ananyamaza, pale pale bibi anapopuliza maziwa. Hakugusa kingine chochote. Bibi ni yule yule, maziwa ni yale yale.

"Mama yangu," Maximilian alisema. "Huyu sasa ni mchawi kamili."

"Mimi naona..." Marieta alianza.

"Sema basi, wewe nawe. Tukuombe kwa barua?" Zulfa alimtania.

"Naona kama si vizuri. Ni bibi yangu."

"Ni filamu, Marieta. Yeye hata simu ya kuangalizia hana, ataiona wapi?" alisema Maximilian.

Marieta alitafuta neno la kuongeza. Lilipokuwa bado linakuja, wenzake walikuwa wameshahamia kwenye maandishi ya majina.

Darasa lilipiga makofi. Walipata alama za juu kuliko vikundi vyote, na Maximilian kwa furaha akairusha kwenye makundi yake ya WhatsApp. Wiki haikuisha. Binamu yake Marieta aliyeko Dongobesh akamtumia ile video, na chini yake ameandika: "Si huyu ni bibi yetu? Watu wa Tumati wanasema kumbe ndiyo maana."

Kumbe ndiyo maana nini, hakuandika.

Marieta alimfuata Maximilian, safari hii akaongea mpaka mwisho. Maximilian aliwaza kidogo, uso ukamshuka. Aliifuta mbele yake, akaomba radhi, tena akaandika kwenye makundi kwamba ni maigizo ya chuo. Lakini ilishaingia kwenye simu za watu, na simu za watu haziombwi. Marieta akaituma ile ya kwanza, yenye sauti ya bibi mwenyewe, katika kundi la watu wa Tumati. Wengi hawakuifungua. Mmoja alijibu: "Ile nyingine ndiyo kali."

Jumamosi akapanda gari kwenda Tumati.

Alimkuta bibi amekaa nje, kibuyu kimeoshwa, maziwa yako tayari.

"Mtoto wa Angela anakwenda shule keshokutwa," bibi alisema. "Namngoja tangu jana. Labda sare hazijakamilika." Kisha akapangusa mikono kwenye khanga. "Na ile filamu yenu, imeisha? Nionyeshe."

Ilikuwepo ya kwanza kwenye simu, lakini bibi alikuwa ameshainama, na ile ya binamu ndiyo iliyofunguka chini ya kidole cha Marieta. Marieta aliwahi kitu kimoja tu, kuzima sauti.

Bibi aliangalia, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

"Mbona siongei?"

"Simu ina tatizo la sauti, Bibi."

"Haina neno. Najua ninachosema." Akaanza kuyasema maneno yale, akifuata midomo yake mwenyewe kwenye kioo: njia iwe laini, mkae na watu vizuri. Ikambidi aisubiri ile midomo imfikie. "Nimezeeka jamani. Ona ninavyoongea taratibu." Alifurahi. Alipojiona anapuliza maziwa, alimgusa Marieta bega. "Angela lazima aione hii."

"Bibi, ngoja kwanza."

Bibi alishafika kwenye uzio. "Angela! Angela wee, njoo umwone bibi kwenye filamu! Mlete na mtoto!"

Angela alikuwa anaanua nguo. Alisikia, maana mikono ilisimama. Binti yake alipiga hatua kuja upande wao; mama akamshika mkono, akamwingiza ndani, na mlango ukafungwa. Nguo nyingine zilibaki kwenye kamba.

"Ana shughuli," alisema bibi. "Safari ya mtoto si mchezo. Atakuja." Akarudi kukaa, simu ameishika kwa mikono yote miwili. "Irudishe mwanzo, mama, ili akija aikute inaanza."

Marieta akairudisha.