Ndege ya Jumanne Jioni

Katika ofisi ya kukatia tiketi walimwita Bi Masaa, maana safari za ndege alikuwa nazo kichwani kama mwalimu alivyo na hesabu za kuzidisha. Mtajie mji wowote wa mbali, akujibu kabla hajagusa kompyuta: kilomita ngapi, saa ngapi angani, saa ngapi za kusubiri kuunganisha. Mzee mmoja aliwahi kumuuliza kama ndege husimama njiani kama basi, watu washuke wachimbe dawa vichakani. Ofisi nzima ikacheka. Yeye akamweleza kwa upole mpaka akaelewa.

Jumanne moja asubuhi daktari alimwambia kuwa mama yake amezidiwa, na kama kuna mtoto wa mbali, aitwe. Wa mbali alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, fundi wa lifti katika mji ulio kilomita elfu tisa na ushee. Bi Masaa akampigia simu, kisha akaketi kumkatia tiketi kwa mkono wake mwenyewe.

Njia zilikuwa mbili. Ndege ya jioni ile ile ilichukua saa ishirini na tatu, tisa kati ya hizo za kujikunja kwenye viti vya uwanja wa katikati. Ya kesho asubuhi ilikwenda moja kwa moja, saa kumi na moja tu. Akapiga hesabu, akaona zinapishana saa tatu kufika. Haraka haraka haina baraka, akajisemea, na mdogo wangu atafika hoi. Akachagua ya kesho.

Jumatano ukungu ukaufunika uwanja wa huko. Ndege zote zikalala chini.

Mama naye, kila akifumbua macho, alikuwa na swali moja.

"Amefika wapi?"

"Yuko angani, mama."

"Basi hayuko mbali."

Bi Masaa alilirudia jibu hilo kutwa nzima, na huku mdogo wake yuko kwenye foleni amekumbatia begi. Alhamisi adhuhuri mama akakata roho. Ndege ikatua jioni.

Angeweza kunyamaza, lakini jambo lenyewe lilimkaba. Wakiwa wamekaa kitandani pa mama, akamweleza zile njia mbili.

"Ile ya Jumanne ingefika lini, dada?"

"Jumatano, saa kumi na moja jioni."

"Mama alikuwa bado anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa. Laiti angemlaumu, ingekuwa afadhali.

Walizika, wakapokea wageni, wakagawa nguo za marehemu. Siku ya tisa Bi Masaa akamuuliza anataka kurudi lini, amtafutie nafasi.

"Usijisumbue, dada," akasema taratibu, huku akifunga sanduku. "Nimeshakata mwenyewe."

Bi Masaa akataka kuuliza ni ndege gani, inapitia wapi. Badala yake akachukua pasi, akaanza kumnyooshea shati la safari.