Pembe za Nta

Mama Speciosa alikuwa na usemi wake mmoja, na kila aliyekwenda kumwomba kazi pale karakana ya magari, langoni mwa kambi ya wakimbizi ya Lukole, aliupokea kabla hajaonyeshwa hata kigoda cha kukalia. "Ajabu kweli," angesema huku akijifuta grisi mikononi. "Maelfu yote haya mmevuka mpaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mkulima. Wote wahandisi!"

Nduwayo naye aliambiwa hivyo hivyo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Alisimama mbele ya mama yule wa Kihangaza, mwenyeji wa huko, kofia mkononi, akasema kwamba huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, alikuwa fundi wa magari ya mashindano. Cheti je? Kiliungua pamoja na nyumba. Mtu wa kumshuhudia? Mmoja alikufa, mwingine hajulikani aliko. Mama Speciosa alicheka mpaka akakohoa. Na wewe mwenyewe sema, msomaji, ungemwamini? Magari ya mashindano! Angesema alikuwa anaziba pancha, labda angesikilizwa.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Haukuwa mshahara uliomrudisha. Kazi ya karakana ilikuja na kibali cha kutoka kambini, kwa sababu magari huharibikia mbali na fundi huyafuata huko huko. Mkimbizi asiye na kibali mwisho wake ulikuwa kilomita nne, akizipita, polisi. Na mbele kabisa ya kilomita hizo nne, juu ya mlima wa Kibimba, aliishi mama yake mzazi.

Bibi Niyonkuru alivunjika mguu siku waliyokimbia, akapotezana na mwanawe katika msukosuko ule. Familia moja ya wakulima wa Kibimba ilimwokota njiani, ikampa chumba, ikampa na mizinga miwili ya nyuki, maana nyuki ndiyo kazi aliyoijua tangu usichana wake. Mwaka wa pili Nduwayo alipata habari zake kwa wachuuzi wa maharage, akalia kwa furaha, kisha akatuma salamu. Balaa likaanzia hapo. Mbeba salamu wa kwanza alifika kwa bibi akasema, mwanao mzima, amesema umpelekee asali. Akapewa galoni nzima, akaenda kuiuza Rulenge. Wa pili akafanya vilevile, mlafi mkubwa, na habari zikamfikia bibi. Wa tatu alikuwa mtu mwema wa watu, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bibi alimjibu kutoka mlangoni, fimbo mkononi: "Nimechoka na salamu. Kama mwanangu yu hai, aje mwenyewe nimwone. Kama haji, basi amekufa, na mniache nimlilie."

Maneno hayo yalimfikia Nduwayo yakamkaa kifuani. Mama yake alikuwa anamlilia, naye yu hai, anakula, anatembea! Aliomba kibali mara tatu akakosa. Kibali kilikuwa cha mwenye sababu, na kumwona mama, eti, haikuwa sababu.

Basi bahati ilikuja siku moja ikiwa imefungwa kamba nyuma ya lori. Lilikuwa gari la Ngeleja, mfanyabiashara wa mahindi wa Biharamulo mjini, mtu mwenye ugonjwa mmoja tu duniani: mbio. Alikuwa amenunua Subaru ya buluu yenye tabo, na mwisho wa mwezi alitaka kwenda nayo kushindana Mwanza. Mazoezi aliyafanyia kwenye mlima wa Kibimba, na mlima huo ulikwisha kumlia injini mbili, zote kwa namna moja: anapanda anapanda, injini inakohoa, pistoni imeyeyuka ikawa na tundu. Mafundi wa Biharamulo walikuwa wamemwambia aliuze kama chuma chakavu.

"Mhandisi!" Mama Speciosa alimwita Nduwayo, na leo hakucheka. "Magari ya mashindano si ndiyo haya? Njoo. Ukilifikisha hili juu ya Kibimba na likarudi zima, kazi ni yako na kibali juu yake. Likifia mlimani, usikanyage tena hapa kwangu. Nimechoka na hadithi."

Nduwayo aliinua boneti, akatazama, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Vitu vyote vilikuwa pale vikimngoja.

"Tajiri," alimwuliza Ngeleja, "umewahi kujaza baiskeli upepo? Ukigusa pampu si unakuta imepata moto?"

"Inapata, sana."

"Tabo ni pampu ile ile, ila ina wazimu. Inabana hewa, hewa inapata moto, na hewa ya moto ndiyo inayoua pistoni. Wenye akili wakaweka hii hapa, rejeta ya hewa, iipoze kabla haijaingia kwenye injini. Sasa tazama imekaa wapi. Juu ya injini yenyewe! Barabara za kwao za baridi, sawa. Kwa mlima wetu na jua hili, tunapoza uji ukiwa bado jikoni."

Ngeleja alimtazama Mama Speciosa, Mama Speciosa akatazama pembeni.

Alifanya kazi siku tisa. Kwenye lori lililopinduka na kutupwa nyuma ya karakana alitoa rejeta ya hewa kubwa mara tatu ya ile, akaikata, akaichomelea upya, akaihamishia mbele kabisa nyuma ya bampa, mahali inapopigwa na upepo wa mwendo. Akapitisha mabomba mapya. Usiku hakulala vizuri. Palibaki jambo moja: kupima. Atajuaje kwamba hewa inapoa kweli, wakati yeye mwenyewe haruhusiwi kupanda gari likafika huko? Kipimajoto pekee cha karibu kilikuwa cha zahanati, cha kuwekwa kwapani.

Ndipo alipoomba nta ya nyuki sokoni. Alitengeneza madonge mawili. La kwanza alilibandika kwenye bomba la kabla ya rejeta, la pili kwenye bomba la baada yake, na kila donge alilibana kwa vidole viwili likatoa pembe mbili kama za ng'ombe. Vidole vilifanya vyenyewe, wala hakufikiri.

"Hiyo ndiyo sayansi ya Buyenzi?" Mama Speciosa aliuliza.

"Hiyo ni ya nyumbani kwetu, mama. Mama yangu alipokuwa anapasha asali, alibandika nta shingoni mwa chungu. Pembe zikisimama, asali salama. Zikilala, ondoa chungu haraka, moto umezidi. Hapa hili la kwanza litayeyuka, lazima. La pili likiyeyuka, nimeshindwa. Likisimama na pembe zake, mimi ni fundi."

Asubuhi ya Jumatano, saa tatu, walimsindikiza Ngeleja mpaka kwenye daraja dogo ambapo kilomita nne za Nduwayo zilikwisha. Ngeleja alikaza mkanda, akaungurumisha injini mara mbili kwa madaha. Nduwayo aliinama dirishani.

"Tajiri, panda kwa nguvu zake zote, usiionee huruma. Mlima unakwishia penye nyumba yenye mizinga ya nyuki. Simama hapo hapo, fungua boneti, tazama nta."

"Hapo kuna nini?"

Jamani, ulimi ulimwasha! Alitaka kusema: hapo yupo mama yangu, mwambie mimi mzima. Lakini hiyo ingekuwa salamu ya nne, na ya nne ingemchoma bibi wa watu kuliko tatu za kwanza. Akaimeza.

"Hakuna kitu. Tazama nta tu."

Gari liliondoka, vumbi likabaki. Mama Speciosa alikuwa amekuja na kiti chake na saa yake. Kwa mwendo wa Ngeleja, kwenda na kurudi kulitaka saa moja na nusu, mbili ikizidi sana. Nduwayo alikaa kwenye ukingo wa daraja, akasikiliza mpaka mlio ukapotea nyuma ya vilima.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa sita Mama Speciosa aliitazama saa yake. Nduwayo alikuwa ameanza kuliona lile gari katikati ya mlima, boneti wazi, moshi, na pistoni ya tatu imetoboka. Aliona kosa lake lilipo: bomba lile la chini, kiungo kile, alipaswa kukichomelea mara ya pili. Mjinga mimi, alijisema. Nimejipika mwenyewe, na sasa mama atanilia mpaka afe yeye. Machozi yalimjia akayaacha, kwa kuwa vumbi lilitosha kuwa kisingizio.

Saa saba na robo Mama Speciosa alisimama, akakunja kiti chake. "Pole, mwanangu," alisema, na upole wake ndio uliomwumiza zaidi. "Nitatuma lori likalivute."

Hapo ndipo wakasikia injini.

Ilikuwa inakuja polepole. Ngeleja, yule ambaye hata kwenda kanisani alikwenda kwa kasi ya kumkimbia shetani, alikuwa anatembea mwendo wa mkokoteni! Nduwayo aliinamisha kichwa. Gari zima haliendeshwi hivyo na mtu yule, limeumia, linajikokota. Subaru ilitokea konani, ikapita kila shimo kwa heshima, ikasimama mbele ya daraja taratibu kama iliyobeba mayai. Ngeleja alishuka amelowa jasho, akafuta uso.

"Imekufa?" Nduwayo aliuliza.

"Imekufa nini! Mlima nimeupanda kama tambarare. Mpaka juu, mguu chini, haikukohoa hata mara moja. Sijawahi kuona kitu kama kile tangu nizaliwe!"

"Sasa mbona umechelewa hivi?" Mama Speciosa alifoka. "Mtu ametaka kufa hapa!"

"Muulizeni huyu aliyenichelewesha," Ngeleja alisema, akazunguka kufungua mlango wa upande wa pili.

Kwanza ilitoka fimbo. Kisha mguu uliopinda, kisha kibuyu cha asali kilichofungwa kwa kitambaa, na nyuma ya kibuyu bibi mdogo, mkavu, mwenye hasira. Nduwayo alibaki amekaa pale ukingoni mdomo wazi.

"Nimefungua boneti," Ngeleja alikuwa anaeleza, mikono ikiruka, "watu wamejaa kushangaa. Bibi huyu akapenya kwa fimbo. Akainama, akaona ile nta. La kwanza limetiririka lote, la pili limesimama na pembe zake. Akapiga kelele! Mwenyeji wake akanitafsiria: anauliza nani ameweka hii. Nikamwambia fundi wa kambini. Anaitwa nani? Mimi sijui, huwa namwita Mhandisi. Basi, akabandua donge, akalifumbata, akapanda garini mwenyewe bila kukaribishwa. Nikasema twende. Akashuka tena! Hawezi kuondoka bila kuwaaga waliomlea. Na kuaga kwenyewe mpaka ndizi ziive, mpaka sala isaliwe. Njia nzima kila nikikanyaga mafuta ananigonga fimbo ya goti. Goti langu hili, mama, limevimba."

Hakuna aliyemsikiliza. Bibi Niyonkuru alikuwa amefika kwenye ukingo wa daraja. Alifumbua kiganja, na ndani yake donge la nta lilikuwa limelala, pembe zote mbili zimesimama, moja imepinda kidogo kwa kufumbatwa.

"Hizi pembe," alisema kwa Kirundi chao, "nani alikufundisha?"

"Wewe, mama."

Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa paji, pua, kovu la utotoni chini ya kidevu. Aliyaangalia yote kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni. Halafu akaketi kando yake akalia kwa sauti, na mwanawe akalia, na furaha ikawazidi mpaka wakaanza kucheka huku bado wanalia. Mama Speciosa alifungua tena kiti chake akakaa.

Alipopata pumzi, alitoa kalamu mfukoni. "Nduwayo," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Kesho saa moja na nusu asubuhi, karakana. Usichelewe. Kibali nitakuandikia leo, ingawa naona safari yenyewe imekwisha."

Nduwayo alimtafsiria mama yake. Bibi alikataa kwa kichwa.

"Haijaisha hata kidogo. Wale watu wa Kibimba wamenilisha miaka yote nikikulilia. Waliona nalia, wakalia na mimi. Jumapili utanipeleka, wakuone kwa macho yao." Akaligeuza donge la nta kwenye mwanga, akalikagua, akakunja uso. "Na hii umeibandika nene mno. Nilikwambia tangu utoto, nta nene inachelewa kusema ukweli."

"Sawa, mama."

"Na Jumapili uendeshe wewe," aliongeza, akimnyooshea Ngeleja fimbo. "Huyu hajui."