Kishimo Kisichogeuka Njano

"Huyo ndiye baba?" aliuliza fundi bomba, akichomoza kichwa kutoka chini ya sinki la maabara, spana mkononi.

"Hicho ndicho kilichomla baba," dada yake alijibu, huku akiyeyusha kichupa kilichoganda katikati ya viganja. "Na usikohoe karibu na sahani yangu ya vipimo."

Miaka mitatu nyuma, mzee wao alikohoa ndani ya kikombe cha plastiki, akamkabidhi binti yake. "Chukueni, mimi sina kazi nayo." Katika makohozi yale maabara ilichuja kimeng'enya kinachokata protini. Kila mtu anacho, na mwili wake hukidhibiti. Katika ukoo wao kidhibiti ni haba, kwa hiyo kimeng'enya hula mapafu yenyewe. Mzee alizikwa. Kimeng'enya kilibaki kwenye friza, na kila kilipoyeyushwa kiliamka na njaa ileile. Dada hakufungua friza ile bila kunong'ona, "Shikamoo, baba." Aliona aibu, lakini zaidi aliogopa siku atakayoitikiwa.

Hiki kilikuwa kichupa cha mwisho. Mkuu wa maabara, waliyembandika jina la Nukta kwa sababu hakuwahi kutaja kipimo kisicho na desimali, alishasema: dawa namba thelathini na moja isiposhika leo, utafiti unafungwa. Na fundi bomba, mdogo wake dada, alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kilekile cha mzee.

Asubuhi dawa ilikuwa imeingia kwenye ufa ambao kimeng'enya hutumia kama mdomo. Vishimo vya sahani vyenye dawa vilibaki vyeupe kama maji. Kisichotiwa dawa kiligeuka njano, dalili kwamba ukataji unaendelea. Hilo halikutosha. Molekuli nyingine hukaa tu mdomoni, na ukiziosha zinatoka. Basi sasa alichanganya dawa na kimeng'enya cha kichupa kile, kisha akazimua mchanganyiko mara mia, ili dawa iliyozagaa nje isiwe na maana tena. Kama iliyo ndani imekaa tu, itatoka, na mlaji ataamka.

"Kikigeuka njano?" mdogo wake aliuliza.

"Ndiyo basi tena."

Walikaa bega kwa bega mbele ya sahani. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ya ishirini aliona unjano ukitambaa pembeni mwa kishimo. Ulikuwa mwanga ulioakisiwa na ovaroli ya njano ya mdogo wake tu. Alimsogeza kwa kiwiko. Alihisi kabisa kwamba kuna wa tatu anayengoja pamoja nao, tena mwenye subira kuwashinda.

Saa nzima ilipotimia, mashine ya kusoma sahani ilichora mstari ulionyooka bila kupanda.

Nukta aliingia, akainama juu yake. "Sifuri nukta sifuri," akasema, na akatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyelizoea. "Imeng'ata, haiachii."

Dada alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Lakini ndani ya furaha ile alijiona kama mtu aliyemziba baba yake mdomo kwa mikono yake mwenyewe, na baba hakukataa.

"Kwa hiyo mimi nitaimeza lini?" mdogo wake aliuliza.

Nukta alikuna kidevu. "Kwanza wanyama. Halafu watu wenye afya. Halafu wagonjwa. Mambo yakienda vizuri, miaka nane nukta tano."

Fundi bomba aliifuta spana yake taratibu. "Dada, mzee alikaa miaka mingapi tangu aanze kukohoa hivi?"

Dada alijifanya anasoma mashine.

"Nakuuliza, dada."

"Sita."

"Haya. Sinki lako halivuji tena." Alibeba begi la vifaa, akamuaga Nukta kwa adabu, akatoka.

Dada alibaki mlangoni, akimsikiliza anavyoshuka ngazi. Hatua kumi. Kumi na moja. Kisha zikasimama kwa kikohozi, na yeye akashika fremu ya mlango, akingoja ya kumi na mbili.