Mali ya Kanisa

Majoho ya kwaya yalining'inia kabatini kama kawaida, ila moja lilikuwa na miguu.

Mama Ufagio, ndivyo waumini walivyomwita mfagiaji wao, hakupiga kelele. Aliweka dekio chini, akachuchumaa. Miguu ile haikuwa na viatu, na kwenye kifundo kimoja ngozi ilikuwa imechubuka mduara mzima, kama ya mbuzi aliyeshinda kambani.

"Toka, mwanangu. Humu tumo mimi na nondo tu."

Akatoka binti wa rika la kitindamimba wake, gauni limechanika mgongoni. Mama Ufagio akamvika joho lile lile, akamkorogea uji. Binti aliunywa amesimama. Alikuwa ameahidiwa kazi ya saluni, alisema. Akaishia kufungiwa nyuma ya duka la dobi, akifua mashuka ya nyumba za wageni tangu alfajiri, mlango una kufuli kwa nje. Wenzake wanne bado walikuwa humo.

Gari likasimama uani. Mleta viti akapaza sauti, "Mama, mzigo umefika!"

Kikombe kilianguka. Mama Ufagio alimkuta tena kabatini, amejibana kwenye kona.

"Ni viti, mwanangu. Viti vya harusi."

"Mzigo ndivyo wanavyotuita," binti akasema. "Wakitufikisha mahali wanapiga simu. Mzigo umefika."

Mchungaji alipokuja alimwombea, mkono kichwani, na machozi yalimtoka kweli. Kisha akasema apelekwe kituo cha polisi.

"Baba mchungaji, leo tu alale kwangu. Moyo wangu unakataa."

"Kwako chumba kimoja, watu sita? Huruma isiyo na utaratibu ni vurugu, mama. Kesho watasema kanisa linaficha watu."

Mama Ufagio akamshika binti mkono, akampeleka. Yeye na darasa lake la saba, angebishana vipi na msomi?

Kituoni askari wa zamu alikuwa mpole, hata akatania. "Leo kwaya imetuletea mwimbaji." Aliandika maelezo kwenye kipande cha karatasi, ingawa daftari kubwa la kumbukumbu lilikuwa pale pale mezani, limefungwa. Mama Ufagio aliliona hilo, akajiambia labda ndio utaratibu. Askari akageukia dirisha na simu yake.

"Kaka, mzigo umepatikana. Ndiyo. Mzima."

Vidole vya binti viliingia kwenye kiganja cha Mama Ufagio, vikabana.

"Afande, nimebadili mawazo. Naondoka naye."

"Unaondoka na nani, mama?" Askari hakupandisha sauti. "Na shahidi wa serikali? Nikiandika kwamba wewe ndiye uliyemficha, je? Wanao si wanasoma shule ile ya jirani na kanisa?"

Vidole viling'olewa kimoja kimoja. Binti hakulia. Alimtazama Mama Ufagio mpaka mlango wa nyuma ukafungwa.

Baada ya kitambo askari alirudi na joho, limekunjwa vizuri. Sasa akafungua daftari kubwa.

"Hii mali ya kanisa. Sisi hatuchukui cha mtu. Weka sahihi kwamba umeipokea."

Mama Ufagio alifuata mstari kwa kidole. Joho moja, jeupe, zima. Aliyelivaa hakuwamo.

Kalamu ilikuwa imefungwa mezani kwa kamba, isiibiwe. Akaishika. Joho kwapani mwake lilikuwa bado na joto.