Nywele Juu Kabisa

Msusi alikuwa ameshagawa mistari mitatu kwenye kichwa cha mwalimu wa chekechea, na mkia wa kitana ulikuwa unaelekea wa nne, nywele zilipokataa kugawanyika. Hazikuwa zimefungana wala kunata. Zilikuwa zimegeuka kitu kimoja, cheusi, laini, chenye kung'aa kidogo upande wa dirishani, kama sufuria iliyofunikwa kichwani. Msusi akagonga kwa kitana. Zikalia ko.

"Nini tena?" mwalimu akauliza.

"Ubora amewasha."

"Ahaa." Mwalimu akafungua mkoba, akatoa sweta aliyokuwa anaifuma, akaendelea pale alipoishia jana.

Ubora lilikuwa jina la mtaani la mume wa dada yake msusi. Studio yake na saluni ya msusi zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Alikuwa na kompyuta kubwa ya mezani ambayo vijana waliikodi kuchezea gemu, na vijana wakiondoka alihariri video za harusi. Zamani kompyuta hiyo ilikuwa inakwamakwama. Bwana harusi anaanza kufunua shela, watu wanakwenda kunywa maji, wanarudi, bado anafunua. Ndipo Ubora akanunua kadi mpya ya picha, dude nene kama tofali lenye feni tatu, akalichomeka ndani ya kompyuta. Mkewe alipita nyumba kwa nyumba akisema wamepata kadi, na majirani wakauliza ni harusi ya nani na kama wao watapata.

Tangu hapo picha za Ubora zikawa nzuri mno. Ila uzuri huo ilikuwa lazima utoke mahali, na ulitoka mtaani. Akipandisha vivuli vya gemu hadi juu kabisa kwenye mipangilio ya kompyuta, vivuli vya mtaa vinaondoka, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anaungua utosini akiwa ameketi chini ya mwavuli wake. Akipandisha majani, ua wa jirani unabaki kama ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Gemu likikimbia bila kukwama, kule kukwama kunahamia kwa paka. Anainua mguu avuke barabara, anaganda, halafu ghafla yuko upande wa pili, na hajui amefikaje.

Na akipandisha nywele, msusi anakaa mikono mitupu.

Haikuwa hasara tupu. Joto la zile feni lilipenya kwenye nyufa za mbao, na msusi aliwakalisha wateja pale wakaushe nywele. Tatizo lilikuwa kupata nywele za kukausha.

Watu walikuwa wameshakwenda kumwona. Fundi viatu ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Bwana Ubora, tunaomba kivuli. Kidogo tu."

"Nikishusha vivuli, gemu linaonekana kama limechorwa na mtoto."

"Na mimi naonekana kama mkaa."

Ubora hakuwa mtu mbaya. Aliviweka kati. Kivuli cha mwavuli kikarudi, lakini kikiwa cha miraba miraba, chenye ncha, na mwavuli ukihamishwa chenyewe kilibaki nyuma kidogo kabla ya kufuata. Fundi viatu akazoea kushona upande upande, goti moja mrabani, goti moja juani. Wenzake waliotaka kurudi kulalamika tena aliwaambia wasimchokoze mtu, asije akavichukua vyote.

Msusi hakwenda na wale watu. Yeye alikuwa na lake, nalo lilikuwa Jumamosi, siku ya kuolewa kwa Kitinda, mdogo wao wa mwisho. Dada yao mkubwa alipoolewa na Ubora, mama yao alimsuka konokono, mistari myembamba inayoanzia nyuma ya sikio la kushoto, ikazunguka kichwa chote ikipanda, hadi ikamalizikia utosini kwa kitanzi kimoja. Msusi alikuwa bado mdogo, na ndiye aliyeshika kopo la mafuta. Sasa mama hayupo, na konokono ilikuwa imebaki kwenye vidole vya msusi peke yake. Wateja walikuwa wakimwomba na yeye akiwaambia hajui. Alikuwa anamwekea Kitinda.

Akaenda studio, akasimama mlangoni.

"Shemeji, nakuomba Ijumaa uzime. Namsuka bibi harusi."

"Ijumaa, shemeji? Ijumaa nina mashindano. Vijana wa mitaa mitatu wanakuja. Nizime, niwaambie wakimbizane barabarani?"

"Basi shusha nywele."

"Nitaziweka kati. Kwa ajili yako tu, mwingine nisingemfanyia."

Dada mkubwa, aliyekuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta, akasema bila kugeuka, "Mwache mwenzio. Ndiyo kazi yake hiyo."

"Na mimi yangu?"

"Wewe si unasuka tu."

Ijumaa asubuhi nywele ziliwekwa kati kama ilivyoahidiwa. Kichwa cha Kitinda kiligawanyika vipande tisa, kila kimoja kinene kama kamba ya kuvutia gari. Konokono haitoki kwenye kamba ya gari. Msusi alizijaribu, akaziachia, akakaa. Upande wa pili wa mbao vijana walipiga kelele, mtu alikuwa amefungwa au ameuawa, na feni zilivuma kama ndege inayotafuta pa kutua.

Mchana umeme ukakatika, na mtaa mzima ukapiga vigelegele.

Vivuli vilirudi na mviringo wake, na fundi viatu akajilaza kwenye chake mzimamzima. Paka alivuka barabara hatua kwa hatua, akageuka, akavuka tena. Nywele za Kitinda zikafumuka zote, unywele mmoja mmoja. Wanawake walitoka majumbani wakikimbia, vichwa wazi, mwalimu wa chekechea akiwa mbele na sweta yake begani.

"Bibi harusi kwanza," msusi akasema, akawaonyesha benchi.

Alianzia nyuma ya sikio la kushoto. Vidole vilikwenda vyenyewe. Kabla ya kupanda, mstari wa kwanza ulirudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukaendelea. Hakukuwa na sababu ya kufanya hivyo. Kidole cha mama kilikuwa na kovu na hakikuweza kukata kona moja kwa moja, na msusi alikuwa amejifunza konokono pamoja na kovu lake. Kitinda alifumba macho.

Alipomaliza nusu ya kushoto ya kichwa, nyuma ya mbao ikasikika kamba inavutwa. Ikavutwa tena. Kisha ngurumo.

"Ni jenereta," dada mkubwa akasema mlangoni, akitabasamu. "Shemeji yenu kanunua, na petroli ya kutosha hadi kesho usiku. Zawadi ya harusi hiyo, video ya Kitinda isije ikachelewa."

Vijana walikuwa wamefika fainali, na Ubora, kwa heshima ya fainali, alipandisha kila kitu juu kabisa. Nywele zilijifunga chini ya vidole vya msusi. Ko.

Kitinda akajitazama kwenye kioo. "Dada, huku mimi, huku sufuria."

"Shela itafunika."

"Na bwana harusi akiifunua?"

"Afunulie upande wa kushoto."

Bwana harusi akaelekezwa, na siku ya siku akaifunua vizuri sana.

Wiki iliyofuata familia ilikusanyika sebuleni kwa dada mkubwa kuangalia video. Haikukwama hata mara moja. Shela ilipofunuliwa, konokono ilikuwa kichwa kizima, kushoto na kulia, mistari yote ikipanda hadi kitanzi cha utosini, na kila unywele ulionekana na mng'ao wake. Shangazi mmoja akalia. Mwingine akampiga Ubora begani, "Baba, una mikono wewe! Nywele zile umezitendea haki!"

Msusi alisogea karibu na skrini. Nyuma ya sikio la kushoto mstari wa kwanza ulirudi nyuma kidogo, kisha ukaendelea. Nyuma ya sikio la kulia, ambako hakuwahi kufika, ulikuwepo mwingine, nao ulirudi nyuma kidogo, kisha ukaendelea.

Mwisho wa video jina la Ubora lilitokea kwa herufi za dhahabu, likazunguka, likatulia.

"Na msusi je?" msusi akauliza.

"Ningeandika, shemeji, Mungu ananiona," Ubora akasema. "Ila maandishi mengi yanaifanya mashine iwe nzito."

"Ni kweli," dada mkubwa akasema. "Inakuwa nzito."

Kesho yake msusi alikuwa hajamaliza kufagia alipoingia mteja mgeni na simu mkononi. Kwenye simu alikuwepo Kitinda, anageuka polepole, shela mabegani.

"Nataka hii hii," mteja akasema. "Nimeulizia, nikaambiwa inatengenezwa hapo jirani, lakini yeye kasema hasuki."

Msusi akaitazama picha, akamtandikia taulo mabegani, akamkalisha kwenye kiti kilichopo mbali na jenereta. Akagonga kichwa chake kwa kitana. Ko.

"Tusubiri petroli iishe," akasema.

Wakakaa. Nje paka alikuwa ameinua mguu avuke barabara, na mguu ulikuwa bado uko juu.