Fedha ya Mfalme, Shamba la Jirani

Clive Thirtle alikuwa na mashamba mawili ya kupitishia mashine yake ya kutafutia metali: la Bi Doris Hannant, mjane aliyemkaribisha kila Jumapili kwa chai, na la Larwood kando ya mto, lililompa vifungo na vizibo vya chupa tu. Kwa wote wawili makubaliano yalikuwa ya mdomo: kitakachopatikana, nusu kwa nusu.

Sarafu ilitoka shambani kwa Bi Doris. Fedha tupu, nyembamba kama ukucha. Clive hakumwonyesha, alitaka kwanza ithaminiwe, ampelekee habari ya paa jipya, maana lile la zamani lilikuwa likimvujia hadi kitandani. Lakini wenzake wa chama cha watafuta-metali aliwatumia picha, na kama ilivyo ada ya watafutaji, akaficha mahali. "Kwa Larwood, mtoni," aliandika. Angesema kweli, wangemvamia mjane kama nzige.

Huko mjini Norwich mthamini wa nyumba ya mnada aliipima sarafu, akaiweka chini ya lenzi, akasoma herufi za ukingoni moja moja. Akafungua kitabu cha picha, akakifunga polepole.

"Bwana, mfalme huyu alitawala Anglia Mashariki, hapa hapa kwetu, kabla ya Wadenmaki kuivamia. Sarafu zake zinazojulikana hazijazi kiganja. Hii haipungui pauni elfu ishirini."

Habari haina miguu, lakini ilimfikia Larwood. Akaja kwa mthamini siku Clive alipokuwepo, na picha ile na maneno yake kwenye simu.

"Shamba langu hilo. Kaandika mwenyewe, sikumshika mkono."

"Nilidanganya," Clive alisema. "Kila mtafutaji hudanganya mahali."

"Sasa nikuamini lini, ndugu yangu? Siku ile, au leo baada ya kusikia bei?"

Mthamini alivua miwani. "Siuzi sarafu yenye mashamba mawili. Shahidi wako nani, Bwana Thirtle?"

Hakuwa naye. Hata mjane hakuwahi kuiona.

Bi Doris alimsikiliza mlangoni. Nyuma yake maji yalidondoka kwenye ndoo.

"Kwa hiyo wao uliwaambia, mimi ukaninyima."

"Nilikuwa nakulinda, Bi Doris."

"Umenilinda kweli. Hata mimi mwenyewe sikuipata."

Clive akapiga hatua kuelekea kizingitini.

"Jumapili usije," mjane alisema. "Nenda kwa Larwood. Si ndiko ulikosema kuna fedha?"

Akafunga mlango taratibu, kama anayemfungia mgeni asiyemjua.