Nani Aliyejiunga

Kwenye taarifa ya kadi ya mkopo, mstari ule ulikuwa katikati ya malipo ya umeme na ya duka la dawa: ada ya uanachama ya mwezi, na jina la kampuni ambalo mtaalamu wa maabara hakuwahi kulisikia. Kadi ilikuwa yake, ila mumewe, fundi wa lifti, naye aliitumia.

Alipiga simu benki. Walimweleza kwamba kampuni hiyo haiuzi kitu. Inakusanya ada kwa niaba ya wengine: kumbi za mazoezi, magazeti, maduka ya mtandaoni, tovuti za kubeti. Ipi kati ya hizo, benki haikujua. Katika yote aliyoambiwa, alibaki na hilo la kubeti.

Mumewe alikuwa ameacha kubeti mwaka juzi, baada ya kuuza hadi friji. Siku ile mke alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba akirudia atahama, na hakutakuwa na kikao cha pili.

Kumuuliza kungekuwa rahisi. Lakini enzi za kamari alimuuliza mara nyingi, na kila mara alijibiwa vizuri sana. Maabara hawamuulizi mgonjwa kama ana maambukizi; wanachukua damu. Basi akaifunga kadi, akaomba nyingine yenye namba mpya, na kumwambia mumewe kwamba benki inabadilisha kadi za zamani. Mwezi ujao ada ingekwama, na mwenye uanachama angelalamika.

Akakaa kutazama. Mume aliipokea habari ya kadi kwa kuinua mabega tu. Hata hivyo, kila simu yake ilipoita wakati wa chakula, alinyanyuka akaenda kuongelea kibarazani, mlango ukafungwa. Akiulizwa ni nani, alisema ni kazini. Enzi zile pia ilikuwa kazini. Mke alijaribu kukumbuka tabia hiyo ilianza lini, akashindwa, na kushindwa huko akakuhesabu kuwa ushahidi.

Mwezi ukapita. Jumapili moja walikuwa mezani na mama mkwe, mama wa mume, aliyeishi nao tangu magoti yaanze kumsumbua, na ambaye hata wakati wa kula alikuwa na sweta analolifuma mapajani.

"Wale watu wangu wa nyuzi wameniandikia," alisema. "Eti mimi si mwanachama tena. Sijui nimewakosea nini."

Kijiko cha mke kilisimama hewani. "Watu gani, Mama?"

Wa duka la mtandaoni, alieleza. Lile ambalo mke mwenyewe alimfungulia kwenye simu ya mama, akaweka namba ya kadi, akamwachia achague rangi. Alipomaliza kuchagua, simu ilimuuliza kama angependa kujiunga, mwezi wa kwanza bure. Akabonyeza ndiyo.

"Kwa nini, Mama?"

"Iliuliza kwa adabu, mwanangu. Ningeikatalia vipi?"

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Mama huyu hakuwahi kumrudisha hata muuza mafagio. Chumbani kwake yalijipanga ukutani kama wagonjwa kwenye foleni.

Mke alianza kucheka. "Kumbe ile ada ni ya nyuzi!" Mume hakucheka.

"Benki haikubadilisha kadi," alisema. "Uliifunga wewe."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima unaningoja mimi nilalamike."

Mke hakukana; hakuwa mtu wa kukana ukweli. Alitaka kusema kwamba angalau matokeo ni safi, akaona jinsi neno hilo litakavyosikika, akalimeza.

Simu ya mume ikaita.

"Kaongelee nje, baba," mama mkwe alisema, kama mtu anayekumbusha jambo la siku zote. "Unajua nikisikia habari za watu waliokwama silali."

Mume hakunyanyuka. Aliiweka simu katikati ya meza, akafungua spika. Mlinzi wa jengo fulani alisema lifti imesimama kati ya ghorofa, ndani mna watu, na mmoja analia. Fundi akamuuliza swali baada ya swali, taratibu, macho yake hayabanduki kwa mkewe, huku mama mkwe akiziba masikio kwa sweta.